Je, Wajua? Porto Kongwe Haimpendi Mnywaji Mpweke

Ukumbi wa pili

Katika jiji la Porto, kaskazini mwa Ureno, kuna jumba la mawe lililojengwa na wafanyabiashara wa mvinyo wa Kiingereza kati ya 1785 na 1790. Ndani yake kuna kumbi mbili za kulia zinazofanana na kupakana. Wageni hula katika ukumbi wa kwanza. Sahani zikishatolewa, wote huinuka, huingia wa pili na kuketi tena. Sababu yake ni kwamba harufu ya nyama na mchuzi isifike puani wakati Porto inapomiminwa.

Jumba hilo ni Feitoria Inglesa, na wenye kampuni za Porto hukutana humo Jumatano kwa chakula cha mchana. Mwishoni huletwa mvinyo usiotajwa jina, na kila mtu hubashiri: ni wa mavuno ya mwaka gani, na ni wa kampuni ipi? Waliozaliwa ndani ya biashara hii, ambao babu zao waliishi kwayo, hukosea kama sisi wengine. Mimi naona huo ndio uungwana wa mchezo wenyewe. Anayedai kuutambua mwaka kwa kunusa mara moja, mpe bilauri iliyofunikwa uone.

Utamu uliokatizwa njiani

Zabibu za Porto hutoka kwenye bonde la mto Douro, kwenye miteremko mikali ya mwamba wa shisti iliyochongwa matuta ya ngazi. Huvunwa Septemba, na zile za Porto bora kabisa bado hukanyagwa kwa miguu ndani ya mabirika mapana ya granaiti. Watu hujipanga safu, mikono mabegani, na kutembea polepole kwa hesabu ya msimamizi. Saa za mwanzo zikipita, muziki hupigwa na kila mtu hucheza apendavyo, divai ikimfika mapajani. Kazi hii ina hekima yake: unyayo wa mtu hupasua ganda na kuikamua rangi, lakini hauzipondi kokwa, ambazo zikisagwa hutoa uchungu.

Siku mbili tatu baadaye, wakati hamira imekwisha kula takriban nusu ya sukari, humiminwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, kiasi cha sehemu moja kwa kila sehemu nne za mvinyo. Hamira hufa hapo hapo. Sukari iliyobaki haina tena wa kuila, na mvinyo hutoka mtamu, wenye kilevi cha asilimia 20 hivi.

Mpaka hapo Porto zote ni ndugu. Zinatofautiana katika malezi. Nyingine hulelewa ndani ya mapipa, zikapata hewa kidogo kidogo hadi rangi ikawa ya kahawia. Porto ya vinteji, ambayo zabibu zake zote ni za mavuno ya mwaka mmoja, hukaa ndani ya mbao kati ya miaka miwili na mitatu tu. Hutiwa chupani bila kuchujwa, nzito na nyeusi tii, kisha hulazwa gizani miaka 20, 40, hata 60. Mle chupani, chembe za rangi na za ukakasi hushikana, huzidi uzito na kuzama chini. Ndiyo maana Porto changa huacha doa la zambarau kwenye meno, na ile kongwe huwa nyekundu hafifu kama tofali lililopigwa na mvua, na ulimini hunyooka kama hariri.

Mwaka hautangazwi hivi hivi

Si kila mavuno hupata heshima ya vinteji. Kila kampuni huonja mvinyo wake kwa miezi mingi, kisha huamua kuutangaza mwaka au kuunyamazia. Kwa desturi, hutangazwa miaka mitatu hivi katika kila kumi. Baada ya kampuni kuridhika, chombo cha serikali kinachosimamia mvinyo wa Douro na Porto huuonja nacho, bila waonjaji wake kujua ni wa nani. Ukikataliwa, hauuzwi kwa jina la vinteji.

Uamuzi huu ndio chanzo cha ubishi usiokwisha wanapokutana wapenzi wa Porto. Mwaka 1977 ulisifiwa kote, lakini Cockburn na Quinta do Noval hawakuutangaza, na watu wakashangaa. Halafu kuna mavuno ya 1991 na 1992. Kampuni za ukoo wa Symington, yaani Graham, Dow na Warre, zilichagua 1991. Taylor na Fonseca zikaurukia 1992, mwaka ambao Taylor ilikuwa inatimiza miaka 300. Ziweke hizo mbili mezani pamoja, na jioni yote itakwisha bila mshindi. Miaka ya 2016 na 2017 ilitangazwa yote miwili na kampuni nyingi, mmoja baada ya mwingine, jambo lililowafanya wazee wa biashara wakune vichwa.

1931: mwaka ambao karibu wote waliuacha

Mavuno ya 1927 yalikuwa makubwa na mazuri, na kampuni nyingi ziliyatangaza. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka. Mavuno ya 1931 yalipofika, yenye ubora wa kushangaza, wanunuzi wa London walikuwa bado wamekalia chupa za 1927 ambazo hazikuwa zikitoka. Karibu kampuni zote zilikaa kimya. Quinta do Noval ikatangaza.

Noval ilikuwa na siri nyingine shambani. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo kutoka Amerika aitwaye filoksera aliingia Ulaya akala mizizi ya mizabibu, akafika Douro na kuyaacha matuta mengi yakiwa mawe matupu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Kiamerika, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali hadi leo. Noval ina kipande kidogo cha mizabibu kisichopandikizwa, kinachosimama kwa mizizi yake yenyewe. Porto ya hapo huitwa Nacional, hutengenezwa kwa kiasi kidogo mno, na ile ya 1931 ni miongoni mwa chupa zinazotafutwa sana minadani. Wengi wetu tutaisoma tu.

Kwa nini unahitaji wenzako

Chupa ya Porto iliyozeeka pipani, ikifunguliwa, hustahimili wiki kadhaa. Ya vinteji iliyozeeka chupani haina subira hiyo. Imekaa miongo bila hewa. Ikiipata, huchanua kwa saa chache, na baada ya siku moja au mbili imechoka. Ongeza na bei yake, utaona kwa nini watu huchangishana: kila mtu huja na chupa moja, wakaonja nane au kumi kwa gharama ya moja.

Hesabu yenyewe inakubali. Chupa ina mililita 750. Ukitoa mashapo ya chini, yanabaki mafunda ya mililita 50 kwa watu 13 hivi. Lakini mafunda manane ya namna hiyo ni mililita 400 za kinywaji cha asilimia 20, sawa na chupa tatu za bia za nusu lita na zaidi kidogo, na hayo ni kabla hujaanza kunywa kwa raha. Kwa hiyo waonjaji wa kweli huweka ndoo mezani na kutema. Kwa mgeni huonekana ni ufujaji. Asiyetema, maelezo yake ya bilauri ya saba hayana thamani.

Usawa na wima

Kuna namna mbili za kupanga bilauri. Ya kwanza ni kuchukua mwaka mmoja na kampuni nyingi, tuseme 1970 za Taylor, Fonseca, Graham na Dow. Hapo hali ya hewa ni ile ile, na kinachobaki ni mkono wa mtengenezaji. Graham kwa kawaida huwa tamu zaidi. Dow hukauka mwishoni. Taylor hushikilia ukakasi wake hata ikizeeka.

Ya pili ni kampuni moja kwa miaka mingi, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu huvua sifa zisizostahili. Mavuno ya 1966 yalipotoka yaliishi chini ya kivuli cha 1963, na muda ukayainua. Yale ya 1975, yaliyotiwa chupani wakati Ureno ingali inatulia baada ya mapinduzi ya 1974, yalichoka mapema. Na wengi walioweka 1977 kwa matumaini makubwa sasa hukiri kwamba 1970, isiyopigiwa kelele nyingi hivyo, imeipita kwenye meza nyingi.

Jaribio la tatu ni adimu zaidi. Zamani Porto ilisafirishwa ndani ya mapipa hadi Uingereza, na wauzaji wa huko wakaitia chupani wenyewe. Tangu miaka ya 1970, sheria inataka kila Porto ya vinteji itiwe chupani Ureno. Kwa hiyo mtu anaweza kupata chupa mbili za kampuni moja, mwaka mmoja, moja iliyojazwa Ureno na nyingine London, na zikawa hazisemi lugha moja.

Koleo la moto

Kizibo cha chupa ya miaka 60 hubomoka kikiguswa na kizibuo. Ndipo linapokuja koleo la chuma, ambalo mdomo wake ni duara la kushika shingo ya chupa. Huchomwa hadi liwe jekundu, likaishika shingo chini ya kizibo kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Kisha kitambaa kilicholowa maji baridi hupitishwa hapo hapo, kioo hukatika kwa mlio mdogo, na shingo hutoka pamoja na kizibo chake. Kazi ikifanywa vizuri, hakidondoki hata kipande cha kioo.

Kabla ya hapo chupa husimamishwa siku nzima ili mashapo yashuke. Chupa nyingi za zamani zina mpako wa chokaa nyeupe ubavuni: ndio upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, na ukiihamisha unapaswa kuilaza hivyo hivyo, tope lisitibuke. Wakati wa kumimina kwenye mtungi wa kioo, huwashwa mshumaa au tochi nyuma ya shingo, na mkono husimama mara tope linapoonekana. Usitikise. Na ukiwa na haraka, kunywa kitu kingine.

Adui asiyeonekana

Chupa moja katika jioni ya kumi huweza kunuka gazeti lililolowa. Kosa haliko shambani wala kwa mwenye chupa: ni kemikali iitwayo TCA, itokayo kwenye kizibo, ambayo wanasayansi waliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuua harufu ya mvinyo uliosubiriwa nusu karne. Wanaoandaa maonjo ya chupa ghali huweka ya akiba kwa sababu hiyo. Kizibo chenyewe hutoka kwenye magome ya mialoni, na Ureno ndiyo inayozalisha zaidi kuliko nchi yoyote duniani.

Aliyepinga yote haya

Baron Joseph James Forrester, Mwingereza aliyechora ramani maarufu ya Douro, aliandika mwaka 1844 akishambulia desturi ya kuongeza pombe kali. Aliitaka Porto iwe mvinyo wa kawaida, usiotiwa nguvu. Angeshinda, chupa za kulaza miaka 60 zisingekuwapo. Mwaka 1861 mashua yake ilipinduka kwenye maporomoko ya Valeira, akazama. Dona Antónia Ferreira, mmiliki mkubwa wa mashamba, alikuwa naye na akapona; husimuliwa kwamba sketi zake pana zilimwelesha majini, wakati mkanda wa Forrester uliojaa fedha ulimvuta chini.

Mtungi usioweza kutua

Mezani, kwa desturi ya Kiingereza, Porto hupita kwa mkono wa kushoto. Aliyeusahau mtungi mbele yake hakaripiwi. Huulizwa tu kama anamfahamu Askofu wa Norwich. Akijibu kwamba hamfahamu, huelezwa kwamba ni mtu mwema sana, ila husahau kupitisha Porto. Wengi husema aliyelengwa ni Henry Bathurst, aliyekuwa askofu huko kuanzia 1805 hadi 1837.

Wengine wakaona kuuliza hakutoshi. Wakatengeneza mtungi wenye kitako cha duara, usioweza kusimama mezani. Kigoda chake cha mbao kiko kimoja tu, mbele ya mwenyeji. Ukiupokea, jimiminie na umpe jirani yako.