Sumu ya Mkaa, Ubongo na Chemba ya Oksijeni
Kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye jiko la mkaa, jenereta au injini ya gari, haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kipimo kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha gesi hizo mbili: kinaweza kusoma asilimia 98 huku mwili ukikosa oksijeni.

Hatari haiishi mgonjwa anapozinduka. Anaweza kuamka, akanywa chai na kurudi nyumbani, kisha kati ya siku 2 na 40 baadaye akaanza kusahau majina ya wanawe, kuburuta miguu au kujikojolea. Kinachodhaniwa kuwa kiini cha dalili hizo ni mchochota unaowashwa na gesi hiyo: chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kumwaga kemikali zinazounguza utando wa mafuta unaofunika neva. Protini ya utando huo ikishaharibika umbo, kinga ya mwili huiona ngeni na kuishambulia. Shambulio hilo hukomaa kwa siku kadhaa, ndiyo maana dalili huchelewa.

Tiba mojawapo ni chemba ya shinikizo: ndani yake mgonjwa huvuta oksijeni tupu kwa shinikizo la mara 2.5 hadi 3 ya lile la kawaida. Masikio huziba kama ndege inaposhuka, naye huambiwa ameze mate. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwenye damu kwa saa 4 hadi 5. Katika chemba, kwa dakika 20 hadi 30. Kubwa zaidi, chembe nyeupe huzuiwa kunata.

Mwaka 2002, Lindell Weaver na wenzake wa Salt Lake City, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 152. Baada ya wiki 6, matatizo ya kumbukumbu na fikra yalionekana kwa asilimia 25 ya waliotibiwa kwa oksijeni ya shinikizo la juu, dhidi ya asilimia 46 ya waliopewa oksijeni bila shinikizo hilo. Utafiti wa Australia wa 1999 haukuona nafuu, hivyo mjadala unaendelea. Wanaofikiriwa kwanza kuingizwa kwenye chemba ni waliozimia na wajawazito.

Kumnywesha mgonjwa maziwa hakusaidii kitu: sumu imo kwenye damu, si tumboni. Beseni la maji chumbani haliinasi, na mkaa uliokolea bila moshi bado unaitoa. Anayeuza “dawa ya kusafisha damu” anampotezea mgonjwa saa za kuokoa ubongo wake. Mgonjwa atolewe nje na kuwahishwa hospitali apewe oksijeni ya barakoa, bila kusubiri chemba. Jiko la mkaa halilazwi chumbani.