Nyumba Isitangaze Kwamba Mwenyewe Hayupo

Mwezi wa Desemba unapokaribia, ofisi nyingi nchini hubandika orodha ya likizo: fulani ataondoka tarehe kadhaa, atarejea tarehe kadhaa. Mara nyingine orodha hiyo hutundikwa kwenye mapokezi, mahali anapopita kila mgeni, mchuuzi na tarishi. Kwa mwajiri, hiyo ni karatasi ya utawala tu. Kwa mwizi, ni ratiba ya kazi.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba maana haipitishwi kwa maneno pekee. Taa ya nje inayowaka saa sita mchana, nyasi zilizorefuka, magazeti yaliyorundikana langoni na kufuli kubwa linaloning'inia nje ya mlango ni ishara, nazo zote husema jambo moja: mwenyewe hayupo. Picha za ufuo wa Diani zinazotumwa mitandaoni kabla ya safari kwisha husema vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Wahenga walinena kwamba mdomo uliponza kichwa. Siku hizi huponza na nyumba.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Huo ni takriban mwezi mzima wa mlango kufungwa. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu haina mzaha: anayevunja nyumba mchana aweza kufungwa miaka 7, na anayevunja usiku, miaka 10. Hata hivyo, kifungo cha mwizi hakirejeshi vyeti vya shule wala hati ya shamba.

Kwa sababu hiyo, nawasihi waajiri wasiishie kutia sahihi fomu ya likizo. Orodha ya wanaoondoka na iwekwe ndani ya faili. Wafanyakazi na waitwe, waelezwe kwa dakika chache mambo ya kufanya: kumwachia jirani mwaminifu jukumu la kuwasha taa jioni na kuizima asubuhi, kuokota magazeti na kuchungulia madirisha, kuhifadhi nyaraka muhimu mahali pengine, kuficha safari yao kwa wasiohusika. Mpango wa Nyumba Kumi, uliohimizwa na serikali kuanzia mwaka 2013, ulijengwa juu ya wazo hilohilo la majirani kujuana. Asiyemjua jirani yake atamwachia nani ufunguo?

Wapo watakaosema kwamba nyumba ya mfanyakazi si shughuli ya mwajiri. Nawajibu kwamba anayerudi kutoka mashambani akakuta nyumba tupu hufika kazini kiwiliwili tu. Akili yake imebaki kituo cha polisi. Hasara hiyo huwafika wote wawili. Basi kinga na ianze kabla ya mabasi ya Krismasi kung'oa nanga.