Kizingitini: Kamba Haitupwi, Huwekwa

Ukifika Kizingitini ukamsikia mtu akitaja kamba, usiharakishe kufahamu. Muulize kwanza: ni kamba wa kuliwa au kamba ya kufungia? Mji huu ulioko kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate umejulikana kwa kamba wa mawe, wale ambao vijana huwazamia miambani musimu wa kaskazi. Hao wamekwisha kusifiwa sana. Mimi leo, ndugu msomaji, nataka kusema habari za ile kamba nyingine, isiyo na miguu wala masharubu, ambayo lau si yeye huyo wa kwanza asingefika nchi kavu.

Nilikuwa nimekwenda kwetu kuwaamkia wazee, na siku ya kurudi nikapanga kusafiri na mtoto wa ndugu yangu, ambaye huchukua abiria na mizigo baina ya Kizingitini na Lamu kwa mashua ya mashine. Yalikuwa maji ya bamvua. Kila ajuaye pande zetu anajua maana yake: baina ya kujaa na kupwa bahari hushuka kadiri ya mita 3, na chombo kilichochelewa bandarini hukalia tope kama kuku juu ya mayai. Ilitupasa kuondoka mapema asubuhi.

Mizigo yenyewe haikuwa mingi. Palikuwa na mapipa matupu ya petroli, mitungi ya gesi, na pikipiki moja mbovu iliyokuwa ikipelekwa kwa fundi. Kijana akafungua feuli kutoa mikanda ya kufungia, ile mikanda bapa ya nailoni yenye ndoana ncha zote mbili na chuma cha kukazia chenye meno. Mikanda hiyo siku hizi imeenea kila mahali. Hata malori yaendayo bandari mpya ya Lamu kule Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, utayaona yamefungwa kwayo. Ni kitu kizuri na kina nguvu. Lakini ile iliyotoka ndani ya feuli haikuwa mikanda. Lilikuwa bonge moja, kama tambi zilizomwagwa chunguni, ndoana zimeumana na meno ya chuma yameganda kwa chumvi.

Kijana akavuta huku, bonge likakaza kule. Akavuta kule, likakaza huku. Abiria wakaanza kutazamana. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja aliyekuwa na miadi ya daktari Lamu, na kila mara alikuwa akitazama maji, kisha akitazama mikono ya yule kijana. Mpaka mkanda wa tatu ulipopatikana, mkuku ulikuwa umegusa tope. Yule mama hakusema neno. Alikusanya buibui lake, akashuka, akarudi nyumbani kungoja maji ya adhuhuri.

Ami yangu, ambaye alikuwa nahodha wa mashua za tanga kabla ya uzee kumweka barazani, alikuwa amekuja kuniaga. Akaingia chomboni akaketi juu ya pipa.

"Mjukuu wangu," akasema, "kamba zako zina ugonjwa gani?"

"Babu, hizi si kamba, ni mikanda. Ni vitu vya kisasa."

"Na huku kutatana je? Ni kwa kisasa au ni kwa kizamani?"

Kijana akacheka kwa haya. Basi kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, tukakaa watatu juu ya tope, na mzee akaanza kutupa darasa.

KAMBA ILIPOKUWA MALI

Alianza kwa kutukumbusha kwamba zamani kamba haikununuliwa dukani kwa mita. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufuoni kwenye tope la maji ya chumvi kwa miezi mingi hata yaoze, kisha yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo, yakaanikwa, na ndipo nyuzi zake zikasokotwa mikononi, mara nyingi na kina mama. Kipande cha pima kumi kilikuwa ni jasho la siku nyingi. Na kwa kamba hiyo hiyo ya makumbi, wazee wa pande hizi za Lamu na visiwa vya Watikuu walishona mitepe, vyombo ambavyo mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kama nguo. Si jambo la jana: msafiri Myunani aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza ya Miladi alivitaja vyombo vya kushonwa. Mitepe imetoweka baharini, na mwaka 2003 mafundi huko Unguja iliwabidi waunde mmoja upya ili watu wauone.

Mtu ambaye chombo chake kimeshikwa na kamba kutoka ubao hata ubao, akasema mzee, hawezi kuitupa kamba. Katika mashua ya tanga kila kamba ilikuwa na jina lake na mahali pake. Henza ya kutwekea foromali ilikuwa na pake, demani ya kushikia tanga pake, na amari ya nanga pake omoni. Baharia alijua kuzipata usiku wa giza kwa mkono mtupu, kama ajuavyo kuupata mlango wa chumba chake.

Aliposema amari ya nanga, mimi nikainamisha kichwa. Yafuatayo nilikuwa sijapata kumwambia mtu.

USIKU WA MWAMBANI

Mwaka 1974 nilikuwa na umri wa miaka 12, na ami alinichukua safari ya Kiwayu kama mtoto wa chombo. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya ngama, kupika chai, na kukunja kamba. Tulipong'oa nanga kurudi, nilikuwa na usingizi na mikono imeniuma. Ile amari, badala ya kuikunja, niliisukumiza kwa miguu chini ya sitaha ya omo, nikajilaza.

Usiku upepo ukakatika ghafula, tanga likalala juu ya mlingoti, na mkondo wa maji ya kupwa ukaanza kutusukuma mwambani. Tuliusikia mwamba kabla ya kuuona. Ami akapiga ukelele nanga itiwe. Nanga ikatiwa, ikaenda pima tatu, nne, kisha ikasita. Kamba ilikuwa imejifunga mafundo omoni, na nanga ikabaki ikining'inia ndani ya maji bila ya kugusa chini. Baharia mmoja alitia mkono kuyafungua yale mafundo. Chombo kikapanda na wimbi, kamba ikakaza, na kitanzi kikamshika vidole viwili vya mkono wa kulia.

Tulipanda mwamba. Mbao mbili zilivunjika, na shehena yetu ya papa mkavu ikaroa yote. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuna aliyekufa, na maji yalipojaa wenzetu walitunasua. Lakini vile vidole viwili havikupona. Tangu siku ile mpaka yule baharia alipofariki, miaka mingi baadaye, kila tulipopeana mkono baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nikivihesabu vidole vyake kwa mkono wangu. Yeye aliniita mwanangu. Hakuuliza ni nani aliyeweka kamba ile, wala mimi sikusema.

KWA NINI KAMBA HUTATANA

Asubuhi iliyofuata usiku ule, ami aliniita akanipa amari akanifundisha kuikunja. Mafunzo aliyompa mjukuu wake juu ya tope yalikuwa ni yale yale, na nayaandika hapa kwa manufaa ya kila mwenye kamba, awe wa bahari au wa bara.

Kamba haitatani kwa shari yake. Hutatana kwa sababu kila pindi unayoizungusha kwenye kiwiko au mkononi, huitia msokoto mmoja. Pindi ishirini, misokoto ishirini. Ukiitupa ikalegea, misokoto ile hutafuta pa kutokea, na kamba hujikunja juu ya nafsi yake ikafanya vitanzi. Ncha ikiisha kupita ndani ya kitanzi, umepata fundo.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, kamba ya kawaida ya nyuzi tatu zilizosokotwa ikunjwe kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa kuwa ndivyo ilivyosokotwa nyingi ya kamba zinazouzwa. Ukiikunja kinyume unapigana na aliyeisokota. Ya pili, anza upande uliofungwa chomboni na umalizie ncha iliyo huru, ili msokoto uliozidi upate njia ya kutokea. Ya tatu, kamba iliyo ndefu sana usiizungushe duara. Ilaze kwa umbo la tarakimu 8, huku na huku, kwani pindi ya kulia huuondoa msokoto ulioletwa na pindi ya kushoto.

Amari ya nanga haitaki kukunjwa tu, yataka kulazwa ndani ya tenga. Ncha iliyofungwa chomboni ndiyo huanza chini, na upande wa nanga hubaki juu, ili inapoitwa itoke yenyewe pima kwa pima. Wavuvi wa dhulumati hufanya vivyo hivyo na mshipi wao mrefu: huulaza chanjani kwa utaratibu na kupanga ndoana ukingoni moja baada ya moja. Asiyefanya hivyo huvua vidole vyake.

NA MIKANDA YA KISASA?

Hapo mzee akauchukua mmoja wa ile mikanda, akaugeuza-geuza, akasema sheria ni ile ile. Mkanda ukiisha kazi, utolewe wote katika chuma chake. Uoshwe kwa maji baridi ya kisima ili chumvi itoke, nacho chuma kiguswe na mafuta kidogo. Ukaukie kivulini, kwa maana jua huidhoofisha nailoni polepole, na mkanda uliochoka kwa jua hukatika siku ya dhoruba.

Ukishakauka, uukunje katikati, ncha mbili zikutane, uuvingirishe kuanzia pale kwenye kunjo kama unavyovingirisha mkeka, ndoana zibaki nje. Ufunge kwa pete iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa pikipiki. Mpira mmoja mbovu hutoa pete za kutosha mashua nzima. Chuma cha kukazia kivishwe kipande chake kifupi cha mkanda na kiwekwe mbali, kisitafune vingine. Mikanda mirefu itundikwe msumari wake na mifupi wake. Na usifunge fundo katika mkanda uliokuwa mrefu mno, kwani fundo huweza kuupunguzia karibu nusu ya nguvu zake. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Fundo la mkanda ndipo pembamba pake.

Kijana alisikiliza, akaanza kuvingirisha. Alipofika mkanda wa nne alisema, "Lakini babu, kazi yote hii, na kesho nitaifungua tena."

Ndipo mimi nikamweleza habari ya mwaka 1974, yote, na ami akiwa ameketi pale pale. Nilipomaliza, nilimgeukia mzee nikamwomba radhi kwa jambo lililokuwa na umri wa zaidi ya nusu karne.

Mzee akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nilijua tangu usiku ule. Nani mwingine aliyekuwa akikunja kamba?"

"Na mbona hukunitaja?"

"Kamba ilikuwa ya chombo changu. Nahodha ndiye anayeulizwa. Mimi nilitia nanga bila ya kwenda omoni kutazama kamba imelalaje."

Ndugu zangu, sisi ni watu tuliofundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu humfunga ngamia wake kisha akategemea kwa Mola wake. Na katika Suratin Nahl tumekatazwa tusiwe kama yule mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Kufunga tunakujua sana. Tunalolisahau ni kwamba kuweka nako ni sehemu ya kufunga. Mkono unaoikunja kamba leo unamfanyia kazi mtu atakayeihitaji kesho, gizani, wakati hana nafasi ya kutatanua. Huenda mtu huyo ni wewe. Huenda ni mwenzako, na vidole ni vyake. Kamba iliyowekwa vema ni amana iliyotimizwa.

Baada ya sala ya adhuhuri maji yakarudi, mashua ikaelea. Yule mama alikuja, akakuta mapipa yamefungwa na mikanda iliyosalia imetundikwa safu. Kijana alimshika mkono kumpandisha, akamtaka radhi. Mama akasema yamepita. Lakini miadi yake nayo ilikuwa imepita, na ilimbidi alale Lamu angoje siku ya pili.

Ami alibaki ufuoni. Tulipoanza kuondoka niliona anatuashiria kwa bakora yake, akielekeza omoni. Nikaenda kutazama. Amari ya nanga ilikuwa ndani ya tenga, upande wa nanga juu.