SANDUKU LA HIJA HUFUNGWA KWA JUA, SI KWA MWEZI

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na hesabu mbili za siku. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo kwayo twafunga, twafungua na twachinja. Ya pili ni ya mwaka wa jua, unaofunguliwa kwa Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hii ya pili mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua lini kaskazi itavuma na lini kusi itafunga bahari.

Mwenye kwenda Makka anazihitaji hesabu zote mbili. Mwezi humwambia siku ya kusimama Arafa. Jua humwambia atie nini sandukuni. Lakini wengi wetu huishika ya kwanza tu, na ile ya pili hukumbukwa wakati mtu yuko uwanjani, hana kivuli wala hana cha kujitanda.

ORODHA YA MZEE

Utamsikia mzee akimwusia mwanawe anayesafiri: "Chukua blanketi zito, mwanangu. Usiku wa Muzdalifa una baridi ya kutetemesha meno." Mzee hasemi uongo. Ila yafaa aulizwe kwanza: alihiji mwaka gani?

Mwaka wa mwezi una siku kama 354, pungufu ya siku 11 hivi kwa mwaka wa jua. Kwa hiyo kila mwaka Hija husogea nyuma, na baada ya miaka 33 hivi huwa imezunguka misimu yote na kurudi pale ilipoanza. Aliyehiji mwisho wa 1974 alisimama Arafa mwezi wa Desemba. Aliyehiji 1990 alisimama Julai. Aliyehiji mwanzo wa 2006 alisimama Januari. Hao ni mahujaji watatu wa ibada moja na uwanja mmoja, lakini hewa waliyoikuta si moja, na orodha ya mmoja haimfai mwenzake.

Mwaka 2025 siku ya Arafa iliangukia Juni 5. Kwa hesabu ya mwezi, kufikia 2030 itakuwa katikati ya Aprili, na kufikia 2037 itakuwa Januari. Wale wapendao kufanya umra katika Ramadhani nao wajue kwamba mwaka 2030 mwezi huo mtukufu utaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, wakati wa baridi huko Madina.

MLANGONI KWAKO SI MAKKA

Kuna jambo jingine linalowakosesha watu wa pwani. Mwezi wa Juni na Julai, Mombasa, Malindi na Lamu huwa na upepo wa kusi na hewa ya kipupwe, na watu hujifunika shuka usiku. Wakati huo huo Makka inawaka: mchana digrii 43 ni jambo la kawaida, na usiku haushuki sana. Kisha Desemba na Januari, sisi twatoka jasho la kaskazi na kulala madirisha wazi, na Madina, iliyo kiasi cha mita 600 juu ya bahari, usiku wake hushuka hata digrii 12 au chini yake.

Basi mtu anayefunga sanduku kwa hewa aionayo nje ya mlango wake hufunga kinyume. Huchukua sweta mwezi wa joto, na kanzu nyepesi mwezi wa baridi. Jamaa wanaokwenda umra na watoto katika likizo ya Desemba wazingatie sana jambo hili.

WAKATI WA JOTO

Joto la huko si la mchezo. Juni 17, 2024 kipimo katika Msikiti Mtukufu wa Makka kilifika digrii 51.8, na katika Hija ya mwaka huo watu zaidi ya 1,300 walifariki dunia. Serikali ya Saudia ilieleza kwamba wengi wao hawakuwa na kibali, wakatembea masafa marefu juani bila kivuli wala mapumziko.

Chombo cha kwanza, basi, ni mwavuli wa rangi nyeupe au hafifu. Mwanamume aliye katika ihramu amekatazwa kufunika kichwa kwa kitu kinachokigusa, lakini mwavuli haumo katika katazo hilo. Cha pili ni chupa ya maji ya kuning'iniza begani, pamoja na pakiti za unga wa chumvi na sukari unaouzwa madukani kwa ajili ya wagonjwa wa kuharisha. Mwenye kutoka jasho jingi hupoteza chumvi pia, na maji matupu hayamtoshi.

Ihramu ya wakati huu iwe ya pamba nyepesi, na iwe jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Akina mama wasidhani kwamba buibui jeusi ndilo sharti. Mwanamke aliye katika ihramu huvaa vazi lolote la heshima, pana na lenye kumsitiri, uso na viganja vikiwa wazi. Kanzu pana ya pamba yenye rangi hafifu humpunguzia adhabu ya jua.

Chukua pia mfuko mdogo wa kitambaa wa kutilia viatu. Wengi huviacha mlangoni pa msikiti, wakitoka hawavioni, wakalazimika kukanyaga lami iliyopata moto hadi nyayo zikababuka. Viatu vyako vitembee nawe.

WAKATI WA BARIDI NA MVUA

Baridi humwelemea zaidi mwanamume, kwa kuwa ihramu yake ni nguo mbili zisizoshonwa. Achague zile nzito za taulo. Hapana ubaya kuongeza shuka ya tatu au kujitanda blanketi mabegani na miguuni, mradi asifunike kichwa. Mgonjwa asiyeweza kustahimili amwulize sheikh wake mapema juu ya fidya, asingoje kuuliza usiku wa manane. Akina mama wana nafasi: sweta na soksi ni halali kwao katika ihramu. Na huko Madina, kabla ya ihramu au baada yake, mwanamume naye avae sweta na kofia ya sufu bila wasiwasi.

Usiku wa Muzdalifa watu hulala chini ya mbingu, si hemani. Mkeka mwepesi wa kukunja ni lazima misimu yote, na wakati wa baridi uongezwe karatasi ya plastiki ya kuzuia umande. Karatasi hiyo itafaa pia kwa mvua. Novemba 25, 2009, siku ambayo mahujaji walikuwa wakielekea Mina, mvua kubwa ilinyesha Jeddah na mafuriko yakaua watu zaidi ya 100. Jangwa nalo lina masika yake.

YA MISIMU YOTE

Ihramu itiwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Mwenye kwenda Jeddah moja kwa moja kwa nia ya Makka hupita miqati akiwa angani, na hapo hawezi kulifikia sanduku lake. Anayeanzia Madina ana nafasi ya kuhirimia Dhul Hulaifa.

Katika mkoba huo huo tia dawa za presha na sukari za safari nzima, zikiwa katika pakiti zake na barua ya daktari, pamoja na hati za chanjo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo na ile ya homa ya manjano zidungwe angalau siku 10 kabla ya kufika.

Usisahau sabuni na mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Mapaja yakichubuka kwa kutembea, mafuta hayo ndiyo nusura. Viatu vya wazi vinunuliwe mapema, uvizoee kwa kutembea mtaani kila jioni, kwa maana kutoka Arafa hadi Muzdalifa peke yake ni kiasi cha kilomita 9. Hata wakati wa joto chukua shali, kwani mashine za baridi hotelini na mabasini huleta kikohozi.

YA KUACHA NYUMBANI

Jiko la gesi liache. Moto wa Mina wa Aprili 1997 uliua mahujaji zaidi ya 340, na baada yake mahema yalifanywa ya kitambaa kisichoshika moto. Miraa iache kabisa. Kwetu ni biashara, kwa Saudia ni dawa ya kulevya, na adhabu yake ni kali. Na mzigo wa mtu ambao hukuufungua ukaona kilichomo usiubebe, hata mwenyewe akikuapia.

Acha pia nusu ya nguo ulizozipanga. Akiba haiozi, ni kweli, lakini humlemea aibebaye. Mara nyingi anayekwenda ni mama au baba mwenye umri wa miaka 60 au 70, aliyeweka shilingi kwa shilingi maisha yake yote. Watoto humfungia sanduku kwa mapenzi, kila mmoja akiongeza chake, mpaka mzee hawezi kuliinua. Mapenzi yaliyo bora ni kutazama kalenda mbili, kuuliza hewa ya huko, kisha kumtilia vitu vichache vitakavyomfikisha Arafa akiwa na nguvu za kuinua mikono na kuomba dua.

Mwenyezi Mungu awajaalie waendao Hija yenye kukubaliwa, na awarejeshe kwa jamaa zao salama.