Umeokoka, Sawa. Je, Unakua?

Mwanzo wa kila muhula, ushirika wa wanafunzi Wakristo hapa chuoni hupokea wageni, na swali la kwanza wanaloulizwa wengi ni kama wameokoka. Swali la pili hulisikii sana: tangu uokoke, umekua? Nadhani tunalikwepa kwa sababu hatujui tulijibu vipi. Kuokoka kunaweza kuwa na tarehe. Mtu atakwambia ilikuwa Agosti, kwenye kongamano, saa tisa usiku. Kukua hakuna tarehe, na sisi wanafunzi tumezoea vitu vyenye tarehe na alama.

Naandika kama Mkristo, ingawa naamini hata ndugu zangu Waislamu watakuta humu kitu wanachokijua. Nimelileta swali hili kwa sababu nimeona linavyowaumiza watu. Wapo wenzetu walioanza mwaka wa kwanza wakiwa moto, hawakosi mkesha. Kufika mwaka wa pili machozi yamekauka, maombi yamekuwa mazito, wakajiambia kwamba Mungu amewaacha, na wao wakaacha kuja. Wapo na wengine ambao moto haujapungua hata kidogo, ila ukikaa nao chumba kimoja utatamani kuhama. Makundi haya mawili yanajipima kwa kipimo kimoja, yaani hisia, na kipimo hicho kinayadanganya yote mawili.

Karama tele, ukuaji kidogo

Shida hii ni ya zamani. Soma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho. Lile lilikuwa kanisa lenye karama: walinena kwa lugha, walitoa unabii, ibada zao hazikuwa baridi hata kidogo. Bado Paulo anawaona kama watoto wachanga wa kunyweshwa maziwa. Ukifuatilia sababu zake, zote zinahusu namna walivyoishi wao kwa wao. Walikuwa na wivu na makundi, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Sura ya 6 wanashtakiana mahakamani. Sura ya 11, kwenye meza ya Bwana, wengine wamelewa na wengine wana njaa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na karama ya kweli na bado awe mchanga. Karama unaweza kupewa usiku mmoja. Tabia inachukua miaka.

Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton huko Massachusetts, alikutana na jambo hilohilo katika karne ya 18. Alishuhudia uamsho mkubwa, watu wakilia na kuanguka, kisha akaona baadhi yao wakirudi walikotoka. Mwaka 1746 alichapisha kitabu kizima kuhusu hisia za kidini. Hoja yake ni kwamba kulia, kutetemeka, kuongea sana habari za Mungu na kukaa muda mrefu ibadani havithibitishi kitu, wala havikanushi. Machozi yanaweza kuwa ya kweli au yasiwe. Alitaja dalili 12 za kuangalia, na aliyoipa uzito kuliko zote ni matendo yanayodumu.

Lakini Edwards huyohuyo alimiliki watumwa. Mwaka 1731 alimnunua msichana Mwafrika wa miaka 14. Sisemi hivi ili tutupe kitabu chake. Nasema ili tuone kwamba mtu anaweza kukijua kipimo vizuri sana na asione pale ambapo kinampima yeye. Hilo tutalirudia.

Uamsho wa kwetu

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata ukatokea uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda wakawaita watu wake Balokole, yaani waliookoka.

Kulikuwa na kilio na nyimbo usiku kucha, kama kwenye mikesha yetu. Majirani waliguswa zaidi na yaliyotokea asubuhi. Watu walirudisha mali walizoiba. Walilipa madeni ya zamani ambayo hata mwenye kudai alikuwa ameshayasahau. Waume waliwaomba wake zao msamaha. Wamisionari waliungama mbele ya Waafrika dharau waliyokuwa nayo, jambo lililokuwa gumu sana wakati wa ukoloni. Na katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, wakakataa pia kubeba silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Historia hii ina upande wa pili, nao unatisha. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo wengi mno. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuliwa humohumo ndani. Walikuwapo Wakristo waliohatarisha maisha yao kuwaficha majirani, na walikuwapo waliobatizwa walioshika mapanga. Sisemi uamsho ndio uliosababisha. Ninachojifunza ni kwamba imani ya wazazi hairithiwi kama shamba, na kanisa kujaa hakutuambii watu watafanya nini siku ya kujaribiwa.

Utajuaje kama unakua?

Sisi wa ualimu tunafundishwa ngazi tano za kujifunza upande wa hisia na maadili, zilizopangwa na Krathwohl, Bloom na Masia mwaka 1964. Mwanafunzi anaanza kwa kupokea, kisha anaitikia, kisha anathamini, kisha anapanga maadili yake, na mwisho kile alichofundishwa kinakuwa tabia yake. Nikiangalia mikusanyiko yetu, tunapima sana ngazi mbili za kwanza: nani amekuja, nani amesema "Amina" kwa nguvu. Ngazi ya tano haionekani ibadani. Inaonekana hosteli, na kwenye orodha ya mahudhurio unapoombwa umsainie rafiki ambaye hayupo.

Mimi naangalia mambo matatu. La kwanza ni muda kati ya kukosea na kutubu. Zamani ulikuwa unanuna wiki mbili ndipo useme samahani, sasa ni siku moja. Bado unakosea, lakini unarudi haraka. La pili ni namna unavyowachukulia walioanguka. Anayekua huwa mpole kwao, kwa sababu anazidi kujijua. La tatu ni unachofanya hisia zikiondoka. Ukiendelea kuomba kwa maneno machache na makavu, hiyo ni mizizi inashuka. Mwaka wa pili mkavu unaweza kuwa mwaka unaokua kuliko ule wa machozi.

Kuulea ukuaji

Ukuaji ni kazi ya Mungu, ila shamba linahitaji kupaliliwa. Anza na kidogo kisichokatika. Sura moja ya Injili kila siku, usome mwenyewe, itakulea kuliko mistari 20 inayotumwa kwenye magrupu bila kusomwa.

Tafuta watu wawili au watatu wenye ruhusa ya kukuuliza maswali magumu, hata kuhusu pesa na mahusiano. Ndiyo maana nilimtaja Edwards: kuna madoa ambayo huwezi kuyaona peke yako. Balokole walikutana kila mara katika vikundi vidogo wakisema ukweli wao mbele ya wenzao.

Rekebisha mambo ya kweli. Bumu likitoka, lipa deni la mama ntilie kabla ya kununua simu. Kazi ya kikundi, fanya sehemu yako. Mnayebebana naye chumbani, mwachie naye nafasi.

Usikae na vijana watupu. Jumapili nenda kanisa la mtaani, lenye bibi, watoto na wazee. Chuoni sote tuna umri mmoja na tunasifiana. Mzee aliyeomba miaka 40, akafiwa, akaugua, na bado anaomba, atakufundisha kitu ambacho kongamano haliwezi.

Lala. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, Mungu alianza kwa kumpa usingizi na chakula. Kukesha hadi asubuhi kisha kulala kwenye lekcha kila wiki hakukuzi mtu.

Na mtu akikwambia utapanda viwango vya kiroho haraka ukimtumia sadaka kwenye simu, kaa naye mbali. Tunda halinunuliwi ada.

Katika Marko 4 Yesu anasimulia habari za mkulima aliyepanda mbegu, akalala na kuamka, nayo ikaota bila yeye kujua imeotaje. Waliolima mahindi wanajua: ukifukua mbegu kila asubuhi uone kama ina mizizi, utaiua. Kwa hiyo usijikague kila siku kwa hofu. Muhula ukiisha, achana na hesabu ya mikesha uliyohudhuria. Muulize mwenzako wa chumba kama umekuwa mtu rahisi kuishi naye, halafu msikilize mpaka amalize.