Akiba ya Dharura: Fedha Inayofikika Usiku wa Manane

Dharura huzifikia familia zetu kwa sura tunazozifahamu: mtoto anapandisha homa usiku, simu inapigwa kutoka kijijini kwamba mzee ameanguka, mwajiri anatangaza kupunguza wafanyakazi. Zipo pia zile zisizozoeleka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80 na kusomba nyumba pamoja na vilivyokuwamo.

Tunapohimizana kujiandaa, wengi wetu hujibu kwamba hatuna cha kuweka. Kwa baadhi jibu hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini tukizitazama kaya nyingi kwa makini tutaona kwamba mali ipo, ila imefungwa. Mahindi yako ghalani, mbuzi wako zizini, kiwanja kina hati, hisa ziko VICOBA na hazigawanywi hadi mwisho wa mwaka. Dirisha la dawa halipokei mbuzi. Ndiyo maana mkulima anayeuguliwa wakati wa mavuno huuza mahindi bei ikiwa chini kabisa, na miezi michache baadaye huyanunua tena kwa bei ya juu. Mtumishi mwenye kiwanja naye huishia kwenye mikopo ile ambayo mtaani huitwa kausha damu, akiwa ameweka rehani kadi yake ya benki. Wote wawili hawakukosa mali; walikosa kiasi kidogo kinachofikika siku ileile.

Kiasi hicho kianze na matumizi ya mwezi mmoja. Kaya inayotumia shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula, mkaa na nauli inahitaji 300,000. Ikitenga 1,000 kila siku, itazifikia kwa miezi kumi. Wenye kipato cha msimu watenge siku ya kuuza mazao, kabla fedha haijazoea mikono. Sehemu ndogo ikae nyumbani kwa ajili ya nauli ya usiku, iliyobaki iwe kwenye simu au benki, mbali na mtaji wa biashara. Ada ya shule si dharura, kwa kuwa tarehe yake inajulikana tangu Januari. Vivyo hivyo sare ya harusi.

VICOBA navyo vina nafasi yake, kwa sababu vikundi vingi huwa na mfuko wa jamii kwa mwanachama aliyefiwa au anayeuguza. Tuisome katiba ya kikundi mapema: je, kuuguliwa na mkwe kunahesabiwa? Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunachangiana kwa ukarimu, ingawa yatupasa kukiri kwamba jeneza tunalichangia haraka kuliko dawa. Bima ya afya, kwa upande wake, hulipiwa mtu akiwa mzima. Anayeikumbuka akiwa kitandani huwa amechelewa.

Jambo gumu zaidi ni usiri. Mume huficha akiba yake, mke huficha yake, na mara nyingine kila mmoja ana sababu ya kweli ya kufanya hivyo. Lakini mwenye akaunti akifariki, fedha hizo hazichukuliwi mpaka mahakama imtambue msimamizi wa mirathi, na hilo huanza na cheti cha kifo na kikao cha ukoo. Wakati huo watoto wanahitaji kula. Basi akiba ya dharura iwe ya wawili: igawanywe katika laini mbili za simu, au iwekwe katika akaunti ya pamoja.

Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vitambulisho vya taifa, hati ya kiwanja na kadi za bima vikae katika mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, na nakala zake kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Humo liwekwe daftari lenye orodha ya tunaowadai na wanaotudai, na mtoto mkubwa aonyeshwe lilipo. Katika ukurasa wake wa kwanza tuandike namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, na ya dereva wa jirani anayekubali kuamshwa usiku.