Mbwa Wengi kwa Kamba Moja

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumza habari za mbwa. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa nje hatushangai tena. Mara nyingi, siku ya chanjo ya mbwa inapofika kijijini, jioni yake tunapokea majeruhi wawili watatu: huyu ameng'atwa, yule kamba imemchubua kiganja, mwingine ameanguka akiburutwa. Inasikitisha, maana watu hao walitoka nyumbani kufanya jambo jema.

Tunamkumbuka mtoto mmoja wa miaka tisa. Kwao palikuwa na mbwa wanne wadogo, wa kienyeji, wasiofika hata gotini kwa mtu mzima. Baba yake aliposikia tangazo la chanjo aliwafunga wote wanne kwa kamba moja ya katani, akamkabidhi mtoto ncha yake, naye akaenda shambani. "Sista, mbwa wenyewe wadogo," alituambia baadaye, "nikadhani ni kama kuswaga mbuzi tu." Njiani walikutana na mbwa wa watu wengine. Mmoja akaruka mbele, mwingine akarudi nyuma, kamba ikawanasa miguu, wakaanza kuumana wao kwa wao. Mtoto alikuwa ameizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono ili isimponyoke. Akaanguka katikati yao, akang'atwa mara mbili. Jirani alifanikiwa kuwafikisha mbwa wawili kwenye chanjo. Wawili walikimbilia kwenye mahindi, na mmoja wao ndiye aliyeng'ata.

Hapo tukawa na mtoto mwenye majeraha, na mbwa asiye na chanjo ambaye hajulikani alipo.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na kidonda chenyewe huwa kimekwisha kupona. Lakini dalili zikishatokea, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kwamba duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Kwa hiyo mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili. Msipake majivu wala mafuta ya taa, wala msilifunge jeraha kwa nguvu. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Wazee wengi bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni za zamani. Siku hizi hazitumiki. Mtu mzima huchomwa begani, tena mara chache, kwa tarehe atakazopangiwa, nazo zote azihudhurie. Mtoto wetu alianza sindano jioni ile ile. Mbwa alirudi nyumbani usiku kwa njaa, akafungwa na kuangaliwa siku kumi. Alibaki mzima, nasi tukapumua.

Sasa turudi kwenye kamba. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mbwa wadogo hawahitaji kufundishwa. Mbwa wakiwa kundi huigana: mmoja akibweka wote hubweka, mmoja akivuta wote huvuta. Wanne wadogo wakivuta upande mmoja humwangusha hata mtu mzima. Tena mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba, siku ya kwanza huiona kama mtego, na mnyama aliyenaswa huuma.

Yafaa basi kuanza wiki tatu au nne kabla ya chanjo, na kila mbwa afundishwe peke yake. Wengine wafungiwe wasikoweza kumwona. Mwache kwanza avae mkanda laini wa shingoni siku mbili tatu bila kamba. Kwa mbwa mdogo sana ni bora mkanda upite kifuani, kwa sababu koo lake ni jembamba, na ukimvuta kwa shingo atakohoa na kupaliwa. Halafu funga kamba yenye urefu wa hatua mbili, umwache aiburute uani ukiwa unamwangalia.

Siku ya kutembea chukua dagaa wachache mfukoni, naye awe bado hajala. Akitembea ubavuni mwako na kamba imelegea, mpe dagaa mmoja na umtaje jina. Akivuta, simama kama mti. Usimrudishe kwa nguvu, usimpige, usimkemee. Akigeuka kukutazama na kamba ikalegea, endeleeni. Mwanzoni mtachukua dakika kumi kufika mlangoni kwa jirani, na watu watawacheka. Hilo halina neno. Dakika kumi kila asubuhi zinamtosha, maana mbwa hujifunza zaidi kwa vipindi vifupi vya kila siku kuliko kwa saa nzima ya Jumamosi.

Anza na yule mpole kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayekuwa mwalimu wa wenzake. Kila mmoja akishazoea peke yake, mchukue yule mpole pamoja na wa pili, kila mmoja na kamba yake. Wakitulia kwa siku kadhaa, mwongeze wa tatu. Sisi twashauri mtu mzima asizidishe watatu, na mtoto mwenye nguvu za kutosha apewe mmoja tu, tena akifuatana na mkubwa wake. Kitanzi cha kamba kishikwe kiganjani. Kisizungushwe kwenye kifundo wala kwenye vidole, kwani tumeshona vidole vilivyokatwa na kamba. Jike aliye kwenye joto atembee peke yake, la sivyo kazi yote ya mwezi itaharibika kwa asubuhi moja.

Wakipigana, msitie mkono katikati. Wamwagieni ndoo ya maji, au gongeni sufuria kwa kishindo. Wengi tunaowatibu waling'atwa na mbwa wao wenyewe, waliokuwa wakiwaamua.

Mtu atauliza, je, haitoshi mbwa wawili wakichanjwa katika wanne? Haitoshi. Ili ugonjwa usipate njia ya kupita, angalau mbwa saba katika kila kumi wa eneo lile wapate chanjo, na irudiwe kila mwaka, kwa kuwa wengine hufa na watoto wa mbwa huzaliwa. Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilikomeshwa mwaka 2014 kwa chanjo za mbwa. Kikarudi mwaka 2016, ikabidi mbwa wachanjwe upya hadi kikakomeshwa tena mwaka 2018. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, msisubiri wakue.

Siku ya chanjo ondokeni mapema kabla ya jua kali, na msimame mbali kidogo na kundi, kwa kuwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji ndipo ugomvi huanzia. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa laini kwa muda ule wa sindano tu, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Wa kwanza kuchomwa awe yule mpole.

Yule baba tuliyemtaja alikuja kwenye chanjo iliyofuata na wale wawili waliokuwa wamebaki, kila mmoja na kamba yake, mwanawe akitembea nyuma na dagaa mkononi. Vyeti vyote vinne amevihifadhi katika mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto.